Sahihi ya Wairimu

Mukasine alimaliza kulipa deni kabla masika hayajaanza, na siku hiyo alinunua kuku mzima. Mumewe, Gerald, alimchinja, mtoto wao Kenny akala mapaja yote mawili bila kukemewa, na majirani wa pale Kabuga, pembeni mwa Kigali, walipouliza kuna nini, aliwajibu tu kwamba Mungu ni mwema. Hakutaka kusema zaidi. Alijua kulipa ni jambo moja na kuachiliwa ni jingine. Shirika la mikopo lilikuwa bado halijampa barua ya kumaliza deni, na bila barua hiyo kiwanja chao kilibaki rehani na jina lake lilibaki kwenye orodha ya watu wasiokopesheka. Fundi cherehani asiyekopesheka hushonea barazani kwake, akipunguza suruali na kubadilisha zipu za watu.

Alipokwenda mjini kuuliza, Gaju, binti wa kaunta, alimwambia yale yale.

"Ihangane, mama. Karatasi iko kwa mkubwa. Tutakupigia."

Ihangane, yaani vumilia. Kuvumilia alikujua. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akakulia kwenye foleni za kila namna. Angengoja hata mwaka, kama si kwamba Wairimu hakungojeshwa.

Wairimu alikuwa Mkenya wa Nakuru, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Walikutana wakiwa wote wawili vibarua kwenye duka la nguo, wakapendana kama ndugu, wakafungua karakana ya kushona sare za shule. Walikopa pamoja, wakanunua mashine za umeme. Mambo yalikwenda vizuri hadi korona ilipofunga shule. Sare zikalala kwenye magunia huku watoto waliopimiwa wakizidi kurefuka. Mashine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikabaki chache tu, na shirika likakubali deni ligawanywe katikati: kila mmoja alipe nusu yake kidogo kidogo, kwa miaka. Walitia sahihi siku moja, wakatoka wameshikana mikono, wakilia kama waliofiwa.

Halafu Wairimu akamaliza kwanza, mwaka mzima kabla ya Mukasine. Fedha alizipata wapi, hakusema. Barua yake ilitoka upesi, na Mukasine akaiona kwenye simu: Wairimu kasimama nje ya ofisi, barua kaikumbatia kama mtoto mchanga, chini ya picha kaandika "Mungu halali." Mukasine alikuwa na suruali ya mtu mapajani na pini mdomoni. Aliitazama picha ile mpaka kioo cha simu kikazimika. Kisha akaifungia namba ya Wairimu, isimpigie wala kumwandikia tena, akarudi kwenye zipu.

Pengine wivu ungefia hapo, kama si Gerald. Gerald alikuwa dereva wa Fuso kwenye maghala ya Masoro, na Wairimu alikuwa amekodi chumba huko huko, akishona ovaroli za wafanyakazi wa viwandani.

"Leo nimembebea Wairimu mzigo," alisema jioni moja akinawa mikono. "Mama Kenny, yule mwanamke anajituma! Mashine mpya, wasichana wanashona, chumba kinang'aa."

"Chakula kitapoa, Baba Kenny."

"Na chai kanipa. Ya maziwa, na mandazi."

"Basi umeshashiba. Niondoe sahani?"

Gerald alicheka, akidhani ni mzaha. Mukasine hakucheka. Alikuwa akimwona Wairimu akimmiminia mumewe chai, na ingawa alijua kwamba kati ya wale wawili hapakuwa na kitu ila mizigo, kujua huko hakukumpunguzia. Lakini ovaroli ndizo zilizomchoma hasa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema, enzi za sare, kwamba mtu wa kiwandani huchakaza nguo upesi kuliko mwanafunzi na haendi likizo. Wairimu alikuwa akitikisa kichwa: watu wa viwanda hawalipi kwa wakati. Na sasa anayezishona ni yeye huyo huyo!

Kesho yake alikwenda sokoni kwa Shakira, muuza vifungo na nyuzi, ambaye aliwajua wote wawili tangu mwanzo. Shakira akamuuliza kama barua imetoka.

"Itatokaje?" Mukasine akasema. "Wenzetu walimlainisha mtu. Wewe unafikiri Wairimu aliipata hivi hivi? Watu wengine wanajua kuhonga."

Shakira alimtazama. "Wewe ulimwona?"

"Mambo hayo huonwa?"

Akalipia uzi wake akaondoka. Njiani alijisikia mwepesi, na wepesi ule ulidumu mpaka alipofika kwenye kona ya kwao.

Mvua zilinyesha, zikakatika. Mwishowe alichoka kungoja simu, akaenda tena mjini, na safari hii alimwambia Gaju kwamba hatoki mpaka aonane na mkubwa. Gaju akatazama kompyuta yake, akashangaa.

"Lakini mama, yako ilimalizika zamani. Iko sahihi moja tu inabaki. Wewe ni wa mwisho, faili ya karakana inafungwa na wewe. Mwenzako lazima asaini kwamba hamugombanii zile mashine zilizobaki."

"Mwenzangu yupi?"

"Madamu Wairimu. Tulimwita, alikuja hapa. Alishika kalamu, akairudisha, akaenda. Alisema ninyi wenyewe mutaongea. Hakukuambia?"

Damu ilimpanda Mukasine kichwani. Kumbe! Kumbe mwanamke ameachiliwa, ana mashine, ana wasichana, ana chai ya kuwagawia waume za watu, na bado amekalia barua ya mwenzake! Akashuka ngazi, akapanda pikipiki, akamwambia kijana, "Masoro."

Alimkuta Wairimu ameinama juu ya meza akikata kitambaa cha bluu. Wasichana waliacha kushona.

"Nimekukosea nini?" Mukasine alisema pale mlangoni, hata salamu hakutoa. "Nilikula nini chako, Wairimu, hata unifunge?"

Wairimu aliweka mkasi chini. Akawaambia wasichana waende wakanywe chai. Walipotoka ndipo alipofungua mdomo.

"Nimekupigia simu ngapi? Ulinifungia. Nikamtuma mzee wako, nikamwambia, mwambie Mama Kenny anitafute. Alikuambia?"

Mukasine akakumbuka Gerald akianza kusema, "Halafu Wairimu amesema..." na yeye akiinuka na kwenda jikoni. Kila mara alikuwa akienda jikoni.

"Hata hivyo nilienda," Wairimu akaendelea. "Nilitaka kusaini yaishe. Lakini asubuhi hiyo nilipitia kwa Shakira kununua vifungo. Akanieleza ulichosema. Kalamu ikanishinda, Mama Kenny. Nikasema acha, aje mwenyewe aniambie usoni kwamba nilihonga."

Chumba kilinuka kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Mukasine alitamani sakafu immeze.

"Sasa na mimi nikuambie nilihonga na nini," Wairimu alisema. "Niliuza shamba aliloniachia baba. Nakuru sina pa kurudi. Kaka yangu ameapa hatanisalimia mpaka afe. Hizo ndizo pesa nililipa. Ile picha nilipiga nikiwa nimetoka kulia chooni."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Wewe una nyumba. Una mtu wa kukuletea habari jioni, na mtoto wa kumalizia nyama. Mimi nikifunga hapa naenda Kagugu, chumba kimoja, naongea na redio. Gerald akija hapa kubeba mzigo, kazi yake ni kukutaja tu. Mama Kenny anashona hivi, Mama Kenny anapika vile. Unafikiri hainiumi?"

Mukasine alikaa kwenye kiti cha msichana mmojawapo. Hakuwahi kufikiri kwamba kwake kuna kitu cha kuonewa wivu.

"Nilikusingizia," alisema hatimaye. "Nisamehe, dada. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti. Hizi ovaroli, Wairimu! Lilikuwa wazo langu."

"Lilikuwa lako," Wairimu alikubali. "Na bado hawalipi kwa wakati."

Wakatazamana. Kicheko kilimponyoka Wairimu kwanza, kile kile cha zamani, kisha kikakatika, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. Akachukua mkoba wake. Walikwenda mjini siku hiyo hiyo, njia nzima bila maneno mengi, na mbele ya Gaju Wairimu akatia sahihi mara moja, kwa herufi kubwa.

Barua ilitoka wiki iliyofuata. Mukasine hakupiga picha. Alikwenda kwanza kwa Shakira, akasema mbele ya wateja kwamba maneno yale yalikuwa uongo, jambo lililomuumiza kuliko alivyodhani. Kisha rehani ikafutwa, akakopa kidogo, akanunua mashine moja ya umeme, na shule moja ya chekechea ya Kagugu ikampa sare zake azishone. Wairimu alitaka amgawie mifuko na kola za ovaroli azishone kwa malipo ya kipande kimoja kimoja. Mukasine alishukuru, akakataa. Kushona chini ya Wairimu hakukumkaa moyoni, na Wairimu hakusisitiza.

Siku hizi wanapigiana simu, Jumapili hasa. Jioni, mabasi ya kutoka Masoro yanaposhusha watu pale Kabuga, Mukasine huinua macho kutoka kwenye mashine na kuzikagua ovaroli za bluu zinazopita, mabegani na kwenye mishono ya kwapa, akitafuta kosa. Mara nyingi halioni.