Sakafu Yetu Ilipakwa Jumamosi

Polishi nyekundu ya sakafu inanuka mafuta ya taa na nta, na ndani yake kuna kitu kingine, kama kiatu kipya kilichosahauliwa juani. Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Kakamega kutafuta skrubu za kabati, nayo harufu hiyo ikanipokea mlangoni. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na mkebe uliolegea kifuniko. Nilisimama pale kwa muda mrefu hata kijana wa duka akanionea huruma.

"Hiyo watu hawanunuangi tena, madam," alisema. "Siku hizi kila mtu ni taili."

Nilijua. Nyumba yangu ina vigae kila mahali, hata jiko la nje. Hata hivyo nilinunua ule mkebe, nikasahau skrubu.

Ngoja niwaambie mimi ni nani, ili mjue anayezungumza nanyi. Nimezaliwa Malinya, upande wa Ikolomani, ambako wageni huja kutazama mafahali wakipigana na kurudi kwao viatu vikiwa vyekundu kwa udongo wetu. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli. Iko sebuleni, ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni ataiona akikaa kochi lolote. Nilifanya kazi Pwani, kisha Doha miaka kumi na mmoja. Nilianza na ufagio nikamaliza na wafanyakazi arobaini chini yangu. Nikisimama kwenye mlango wa chumba naweza kukwambia kama sakafu ilipigwa deki na mtu mvivu au mtu mwenye haraka. Nimerudi, nimejenga, na hakuna aliyenishika mkono. Sentensi hiyo ya mwisho nimeisema kanisani, kwenye harambee, na shuleni siku ya zawadi. Watu huipigia makofi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Nilipokuwa darasa la tano alikusanya saruji iliyobakia kwenye kazi za watu, gunia nusu hapa, ndoo moja pale, akamwaga sakafu ya nyumba yetu. Nyumba nyingine zote za mlima wetu zilikuwa na sakafu ya udongo, zikisiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Yetu ilikuwa ya saruji, na Mama hakuridhika nayo mpaka ikawa nyekundu. Alinunua mkebe wa polishi mjini na kuubeba mapajani njia nzima kama mtoto.

Ilipokauka na kusuguliwa, sakafu ile iling'aa hata ukajiona pua. Majirani walikuja kuitazama. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na walipoondoka nyayo zao zilikuwa nyekundu, kwa hiyo ukimwona mtu njiani ulijua ametoka kwetu. Mimi nilijisifu shuleni mpaka wenzangu wakachoka. Nilisema sakafu ya mwalimu mkuu ni kama zizi ukiilinganisha na yetu. Hiyo ilinipatia viboko viwili, na sikujuta.

Lakini sikuipaka mimi. Aliyeipaka ni Rispa.

Rispa alikuwa binti wa dada yake Baba. Mama yake alipofariki aliletwa kwetu na mfuko mmoja wa nguo, wakati huo akiwa na miaka minane, sawa na mimi. Kwa Rispa, Baba alikuwa khotsa, kama tunavyomwita mjomba, na Mama alikuwa Anti. Kila Jumamosi asubuhi alipiga magoti kwenye kona ya mbali na mlango, akachovya kitambaa kwenye mkebe, akaanza kurudi nyuma taratibu, akipaka kwa miduara midogo. Polishi ilikaa siku mbili tatu kwenye viganja vyake na kwenye magoti. Darasani akiinua mkono kujibu swali, kiganja kilikuwa chekundu kama jogoo amefungua bawa. Mimi ndiye niliyempa jina la Tofali. Lilishika siku hiyo hiyo.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha blanketi la kijivu. Mama alikuwa amelikata blanketi lile nusu kwa nusu. Nusu moja ilikuwa imeshakuwa nyekundu na ngumu kwa kazi. Nusu ya pili, safi, aliikunja na kuiweka kwenye sanduku langu, akaniambia niitunze mpaka ya kwanza ichakae. "Mtu asiiguse," alisema. Nilijiona karani mkubwa.

Nisiwafiche jambo lililokuwa likinila. Rispa alikuwa wa kwanza darasani. Kila muhula mwalimu aliandika nafasi zetu kwa biro nyekundu juu ya ripoti, na kila muhula ripoti yake ilikuwa na moja na yangu ilikuwa na mbili. Alisoma saa ngapi, sijui. Mimi nilisoma mezani na yeye alisoma akichochea ugali, kitabu kikiegemea sufuria. Mama aliziangalia ripoti zote mbili, kisha akamtuma Rispa mtoni.

Tulipofika darasa la nane kukawa na habari. Kina mama wa kanisa moja la mjini walikuwa wamejitolea kumsomesha msichana mmoja wa shule yetu katika sekondari ya bweni, miaka yote minne. Watamchukua atakayeongoza mtihani wa majaribio wa muhula wa pili. Msichana mmoja tu. Baba alikuwa ameshaanza kuumwa mgongo na kila mtu nyumbani alijua kwamba asiyechukuliwa atabaki hapo hapo na jembe.

Mtihani ulianza Jumanne. Jumatano asubuhi, tukiwa jikoni, Rispa alinisogelea. Alikuwa amekunja mikono tumboni.

"Jentriks, niko na shida," alisema kwa sauti ya chini. "Nipee kipande cha ile blanketi. Kidogo tu."

Nilielewa mara moja. Mimi mambo ya mwezi yalikuwa yamenianza mwaka uliotangulia, na Mama alinipa pamba kutoka dukani, akanifundisha, akanikalisha kitako siku nzima kama mfalme. Rispa hakuwa na wa kumfundisha.

"Hiyo ni ya sakafu," nikamjibu. "Uliza Mama."

"Unajua vile Anti atasema."

"Basi ngoja akisema ndio ujue."

Hakumwuliza. Alikwenda nyuma ya jiko, akafanya alivyoweza kwa majani ya ndizi makavu na karatasi ya daftari, tukaenda shule. Njiani alitembea nyuma yangu. Mti wa murembe ulio kwenye kona ya shule ulikuwa umechanua, na maua yake mekundu yalikuwa yametapakaa njia nzima. Nakumbuka niliyakanyaga kwa makusudi, moja moja.

Karatasi ya kwanza siku hiyo ilikuwa hisabati. Rispa alimaliza kabla ya wote, kama kawaida, akaweka penseli juu ya karatasi na kungoja. Muda ulipokwisha mwalimu akamwagiza akusanye karatasi za safu yetu. Sare yetu ilikuwa gauni la manjano. Aliposimama nikaona, na Shivachi, mvulana aliyekaa nyuma yake, akaona vilevile.

"Oneni," Shivachi akasema. "Tofali imeloa."

Darasa likageuka. Naweza kuwaambia leo rangi ya kila dirisha la chumba kile, na nani alikuwa amekaa wapi. Rispa alisimama na karatasi mkononi. Alijitazama nyuma kwa bega, akageuka kwa Shivachi, na akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa, "Ni polishi. Nilikalia mahali nilipaka asubuhi. Kwani kwenu hamjui polishi?"

Ilikuwa kazi safi. Nimeona mameneja wa hoteli wakishindwa kusema uongo mzuri kama ule mbele ya mgeni aliyekasirika. Darasa zima lilimwamini, kwa sababu nani hakujua sakafu yetu? Nani hakuwa ametoka kwetu na wekundu nyayoni? Kicheko kikamgeukia Shivachi, ambaye kwao walikuwa bado wanasiriba samadi. Mwalimu wetu, kijana aliyetoka chuoni juzi, alishusha pumzi akarudia karatasi zake. Rispa aliniangalia kidogo tu. Sikuona shukrani wala ombi. Alikuwa anaangalia kama niko naye.

Nikasimama.

"Mwalimu," nilisema, "sakafu yetu hupakwa Jumamosi. Leo ni Jumatano."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walihitaji muda wa kuhesabu. Kisha kicheko kikaanzia kwa wavulana wa nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja kwenye mabati, na wasichana wakacheka zaidi ya wavulana, kila mmoja akitaka aonekane kwamba hayamhusu. Mwalimu akageukia ubao. "Nenda nyumbani," alimwambia Rispa bila kumtazama. "Nenda ukajisafishe." Rispa akaziweka karatasi mezani, akazinyoosha kingo zikalingana, akatoka akitembea kinyumenyume mpaka mlangoni. Alitoka kama alivyokuwa akipaka sakafu.

Mchana tulifanya insha na sayansi. Dawati lake lilikuwa tupu.

Alhamisi alirudi, na hilo ndilo ninaloona aibu kulisimulia. Alikuta wavulana wamepaka benchi lake udongo mwekundu wa mashimo ya wachimba dhahabu wa kwetu, umechanganywa na maji, umesawazishwa vizuri kwa kiganja. "Karibu, tumekupakia," Shivachi alisema. Mimi nilicheka. Rispa aliliangalia benchi, akachukua mfuko wake na kwenda. Hakukanyaga tena shule ile.

Biro nyekundu iliandika moja juu ya ripoti yangu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna harusi. Hakuna aliyemwuliza Rispa kwa nini aliacha shule. Mama aliniuliza mimi, nikamwambia, naye akasema, "Sasa amekuwa mtu mzima, kazi ya nyumba ni mingi."

Kina mama wa kanisa walikuja kunitazama siku ya Jumapili. Rispa alikuwa ameipaka sakafu jana yake na kuisugua mara mbili, kisha akakaa jikoni akipika obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Wageni walivua viatu. Mmoja wao, mama mnene mwenye miwani, aliinama akagusa sakafu kwa kidole.

"Hii sakafu ni ya kujivunia," alisema. "Nani anaipaka?"

"Ni huyu huyu Jentriks," Mama akajibu haraka.

Mama mwenye miwani akanigeukia. "Kweli, msichana wangu?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Niliona kisigino chekundu cha Rispa kando ya jiko, kimetulia.

"Ndiyo," nilisema. "Ni mimi."

Januari nilikwenda bweni na sanduku jipya. Rispa alipelekwa Lumakanda kwa watu waliokuwa wakitafuta msichana wa kupalilia mahindi, akaolewa huko huko. Mengine mnayajua, nimeshawaambia. Bweni, chuo, diploma, Pwani, Doha. Na sentensi yangu ya makofi.

Mwaka jana nilipomaliza nyumba nilialika watu. Niliagiza mahema mawili na fahali mmoja mnono. Rispa alikuja kutoka Lumakanda na binti yake mdogo, msichana wa darasa la saba aliyevaa sweta jekundu na kuangalia kila kitu bila kugusa. Nilikuwa sijamwona Rispa tangu mazishi ya Baba. Viganja vyake vilikuwa vya kawaida, vigumu, rangi ya viganja. Nilivitazama kabla ya uso wake.

Baada ya chakula mchungaji alishika maikrofoni. Alisema angetaka kumsikia mtu aliyelala chumba kimoja na mimi tukiwa watoto, aeleze mti huu ulianza vipi kuwa mti. Akampa Rispa maikrofoni. Watu mia mbili walikuwa wametulia, na nilijua kwamba sentensi moja yake ingetosha, kama moja yangu ilivyotosha.

Rispa aliishika maikrofoni mbali kidogo na mdomo.

"Jentriks alikuwanga mtu wa kazi tangu zamani," alisema. "Ile sakafu nyekundu ya khotsa, ni yeye alikuwa anapaka. Kila Jumamosi. Sisi tulikuwa tunalala, yeye amepiga magoti."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Rispa hakuacha kuniangalia, na uso wake haukuwa na hasira wala msamaha, ulikuwa na utulivu ule ule wa darasani, ukiangalia kama niko. Kisha alirudisha maikrofoni, akamshika binti yake mkono, wakaenda kunawa.

Utotoni nilidhani nilimshinda kwa sababu nilisema kweli naye akasema uongo. Nilikaa na wazo hilo miaka mingi, na lilinitunza vizuri. Siku ile chini ya hema ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniomba darasani. Hakuomba pamba, wala blanketi, wala nafasi yangu. Aliomba nikae kimya sekunde tano kwenye kiti changu. Yeye amenipa kimya hicho miaka ishirini na zaidi, na alipolazimishwa kuongea akaniongezea uongo, mbele ya watu mia mbili, ili mimi peke yangu nijue umetoka wapi.

Ule mkebe uko kabatini, chini ya diploma. Huufungua mara moja moja nikanusa, nikaufunga. Kuhusu sakafu ile wanawake wote wa nyumba yetu walidanganya kwa zamu, Mama, Rispa na mimi. Kweli nilisema mara moja tu, siku ya Jumatano.