Tukupeleke Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja walinipandisha mu tipoyi, kiti cha kubebwa, niende kuolewa, na jua lilipofika katikati ya mbingu nilikuwa mugonjwa. Ndiyo hivyo, mwanangu. Usicheke kwanza. Hata mimi mpaka leo sielewe vizuri ile siku iligeukia wapi.

Nakusimulia weye unayebeba wazee na moto, ile pikipiki ya magurudumu tatu ya parokia, kwa sababu juzi ulikuja, ukaniinua polepole, ukanifunika miguu na kitenge, ukanipeleka hospitali. Ulifanya kazi nzuri. Lakini mimi nilitaka kwenda sokoni kununua samaki wa Mahagi-Port. Nilikaa pale kwenye benchi ya wagonjwa nikamukumbuka Muzee Ngabu.

Miguu yangu ilikufa nikiwa mutoto mudogo. Homa moja tu, basi. Nilitembeaka na mikono, vibao viwili kwenye viganja, magoti nayavuta nyuma. Kwetu ilikuwa mulimani, kwenye barabara ya Fataki, mahali pa baridi, na viazi vya huko vilikuwa vitamu kuliko hivi munavyokula hapa Bunia. Tuache viazi. Siku za soko alikuja kijana wa Bunia, Petro, fundi wa viatu. Akaona magoti yangu yenye vidonda, akanishonea vipande vya tairi vya kufunga magotini. Watu wakamuchokoza: "Petro, fundi wa viatu, unatafuta muke asiyevaa viatu? Utakula nini?" Akajibu: "Atakuwa muteja wangu wa magoti." Mapenzi yetu yalianza hapo, kwa tairi ya lori.

Baba yangu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mambo ya mahari yalipangwa kwa baba mukubwa, hapa Bunia. Mama akatangulia kwenda kupika. Na desturi yetu unaijua, ama huijue, vijana wa leo sijui munajua nini: wageni wanaleta mbuzi, lakini mbuzi hazifungwe kwenye nguzo ya nyumba mpaka binti aseme mwenyewe, mbele ya wote, "Nakubali." Binti asipokuwepo mpaka jua linazama, wageni wanaondoka na mbuzi zao, na hawarudi tena. Wajomba wa Petro hawakunipenda. Walikuwa wanangoja tu nisifike.

Gari? Gari ya wapi? Walisema vita imeisha, lakini madaraja yalikuwa yameungua na watu walilala na viatu miguuni. Kilichobaki ni tipoyi, kile kiti cha miti na kamba kinachobebwa na wanaume wanne mabegani. Kila kijiji kinabeba mpaka kwenye mupaka wake, kinapokewa na kijiji kingine. Mupaka wetu ulikuwa muto, na ng'ambo walikaa watu ambao siye tulichoma nyumba zao, nao wakachoma zetu. Nani alianza, usiniulize. Lakini kazi ya tipoyi haikukatwa hata wakati ule. Katikati ya maji kulikuwa na jiwe kubwa bapa. Wetu waliweka mugonjwa juu ya jiwe, wakapiga filimbi, wakarudi. Wale wakashuka, wakamubeba mpaka ku dispensere, zahanati ndogo, maana dispensere ilikuwa upande wao. Hakuna aliyemuona mwenzake kwa karibu, hakuna aliyesema neno.

Basi kaka zangu wakaniweka juu ya jiwe, wakitumaini nitapokewa kijiji kwa kijiji mpaka Bunia. Kaka mukubwa akaniambia: "Lotsove, usifungue kinywa huko. Wakisikia lugha yetu..." Hakumaliza. Wakaenda.

Wakaja wanaume wanne, na mbele yao muzee mwenye ndevu nyeupe na koti la askari lisilo na vifungo. Huyo ndiye Ngabu, jina nilikuja kulijua baadaye. Wakaniinua. Tukapanda, tukapanda. Tukafika pale njia inapogawanyika: kuume Bunia, kushoto dispensere. Wakakata kushoto.

Niliona, mwanangu. Niliona kwa macho yangu. Nikafungua kinywa, nikakumbuka kaka, nikakifunga. Nikasema moyoni, labda kuna njia nyingine mbele. Labda wanazunguka bariere, kile kizuizi cha watu wenye bunduki. Njia ikazidi kwenda kushoto.

"Anatetemeka, maskini," mumoja akasema kwa Kiswahili. "Ni malaria hii."

"Angalia macho yake. Huyu hafiki."

"Beba kimya!" Muzee akawakemea.

Nikajishika paji la uso. Lilikuwa moto kweli. Nikajiuliza kama hao watu wanajua kitu ambacho mimi sijui. Labda naumwa tangu jana. Labda mama alinificha, na hii harusi ni hadithi ya kunitoa nyumbani bila kulia. Jua linapiga, kiti kinayumba, nikaanza kuwaaga watu wangu moyoni, mumoja mumoja.

Ku dispensere, infirmiye, muuguzi wa pale, akaniweka kipimo kwapani, akaangalia. "Homa kidogo. Unaumwa wapi, dada?"

Ndiye mutu wa kwanza aliyeniuliza kitu siku ile. Machozi yakatoka. "Siumwe popote. Naenda kuolewa."

Halafu wale wanne wakacheka mpaka mumoja akakaa chini. Muzee Ngabu hakucheka.

"Weye mutoto, hauna kinywa? Tumekubeba kama yai mulima muzima! Njia ya Bunia si uliiona?"

"Niliiona, Muzee. Lakini hamukuniuliza."

Sauti yake ikashuka. "Siku hizi anayeuliza mutu unatoka wapi, unaenda wapi, ni nani? Ni watu wa bariere. Mutoto wangu walimuulizaka hivyo. Akawajibu ukweli. Hakurudi. Ndiyo maana siye tulisema, kwenye tipoyi yetu hakuna kuuliza."

Nilikuwa nimenyamaza kwa kuwaogopa, kumbe nao walinyamaza ili nisiogope. Ukilifikiria sana, kichwa kinauma.

Kijana mumoja akasema: "Muzee, tipoyi ni ya wagonjwa. Mutu muzima atembee."

"Atembee na nini?"

Wakaangalia magoti yangu. "Tairi anazo," akasema yule mucheshi. "Injini ndiyo haiko."

"Injini ni weye," Ngabu akamujibu. "Inua!"

Wakainua. Wakapita mupaka wao bila kunikabidhi kwa mutu, wakakimbia mpaka Bunia, na njiani wakaimba nyimbo za harusi. Maneno ni ya lugha yao. Sauti ni ileile ya kwetu. Hilo pia silielewe.

Tulifika jua likiwa juu ya mapaa. Mbuzi zilikuwa zimeshatolewa njiani kurudi kwao, wajomba wamevaa kofia zao. Petro alikaa chini kwenye vumbi, ameshika kamba ya mbuzi mumoja, anakataa kuiachia. Mama akaona tipoyi inabebwa na watu asiowajua, akajitupa chini, akaanza kulia kilio cha matanga. Alifikiri wameleta maiti. Na mimi niko juu, sijashuka, hakuna aliyeniuliza kitu, nikapiga kelele: "Nakubali!"

"Bado hatujauliza," mujomba akasema.

"Nakubali mbele ya kuuliza!"

Mbuzi zikafungwa kwenye nguzo. Muzee Ngabu alikula nyama yetu amekaa karibu na mulango, na baba mukubwa alimuongezea mara kwa mara bila kumuuliza kijiji chake.

Baadaye watu wetu waliopita juu ya lile jiwe waliniambia kwamba yule muzee sasa anapiga magoti karibu na tipoyi, anauliza neno moja tu: "Tukupeleke wapi?" Lile la "unatoka wapi" aliwaachia watu wa bariere.

Kwa hiyo, mwanangu, mutu mwenye miguu mibaya ana safari zake kama weye. Ana soko, ana harusi, ana magomvi ya kwenda kumaliza. Kabla ya kumuinua, inama, muulize anaenda wapi, na ungoje jibu hata kama ni muzee anayezungukazunguka kwa maneno kama mimi. Na weye unayebebwa, ukiona njia imekata kushoto, sema palepale. Mimi juzi nilinyamaza tena, sijui kwa nini. Uzee huu.

Mungu akupe mabega yasiyochoka. Bariere zote zikufungukie. Na siku miguu yako itakapokataa, upate mutu wa kuinama kwenye sikio lako na kukuuliza.

Sasa niinue. Naenda sokoni.