Usukani wa Mpingo

Aibu hii huwa siwasimulii wageni, lakini nyie ni wenzangu, na isitoshe Temeke nzima inaijua, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe: mie siku ya harusi yangu nilimpeleka mke wangu nyumbani kwa mama nikiwa na singlendi na kaptura iliyotoboka makalioni, mchana kweupe, huku nikiendesha gari.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu la Kiingereza, lenye taa za mviringo kama macho ya bundi, ambalo mzungu mmoja alilitelekeza alipofungasha baada ya Uhuru, na kuku wakahamia ndani. Nililivuta hadi uani kwa mama, nikaliezekea kibanda cha makuti, na kila nikitoka kiwandani nililala chini yake. Vipuri havikuwepo (miaka ile hata betri ya redio ikipatikana ilikuwa habari ya mtaa), basi nikabuni: bomba la moshi nililichomelea kutokana na mabomba ya maji, viti nikavijaza sufi, taa moja ya nyuma ilikuwa ya lori na nyingine ya pikipiki. Siku injini ilipokubali kunguruma nilikaa vumbini nikaitazama tu, kama mtu aliyesikia maiti ikipiga chafya.

Ukabaki usukani. Ule wa zamani ulikuwa umemeguka wote, umebaki mfupa wa chuma. Hapo ndipo alipoingia Mzee Saidi, baba yake mchumba wangu Somoe, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Mzee alikuwa amenikubali kwa mdomo tu, moyo bado. "Kijana anayelala na chuma kilichokufa," aliniambia siku ya posa, "mwanangu atamtunza kweli?" Lakini aliuchukua ule mfupa, na wiki ya harusi akaurudisha umefungwa kwenye kanga.

Jamani! Alikuwa ameuvika mpingo, na mpingo wenyewe ulikuwa watu, duara zima la watu walioshikana: mama kambeba mtoto, mzee kamshika mama kiuno, kijana kamshika mzee bega, na wengine na wengine, mpaka duara likafunga na usijue nani alianza. Vidole vyao vyembamba kama njiti za kiberiti. Nilipoushika nilihisi wananipumulia viganjani. Nilitaka kushukuru, nikabaki "Mzee... Mzee..." kama kasuku.

Sasa harusi. Asubuhi injini iligoma, nikaingia uvunguni na kaptura yangu ya kazi, na ilipowaka muda ulikuwa umekwenda, nikaamua (uamuzi mdogo kabisa, nani angeona?) kuvaa kanzu juu ya kaptura hiyohiyo. Kanzu niliazimwa na baba mdogo Athumani, ina darizi kifuani na mikono mipana, aliletewa kutoka Maka.

Ndoa ikafungwa kwao Somoe salama, tukatoka: nyuma bibi harusi kafunikwa gubigubi na somo yake aliyemfunda pembeni, mbele mimi na Mzee Saidi (kwa desturi angebaki kwake, lakini alisema anataka kuona usukani wake unavyokata kona), na baba mdogo na waimbaji wakitufuata kwa miguu.

Kona ikawa ya duka la ushirika. Nikazungusha usukani, mkono wa kanzu ukaingia kati ya vidole vya yule mama na shingo ya mtoto, na kadiri nilivyozungusha ndivyo walivyonivuta, mpaka kiwiko kikanibana kifuani. Nikakanyaga breki, injini ikazima, gari likakaa upande katikati ya barabara, mbele ya foleni ya sukari. Na foleni ikavunjika! Aliyeishi miaka ile anajua maana yake: watu waliacha sukari wakaja kuchungulia dirishani.

"Bwana harusi kakamatwa na vinyago!"

"Wajamaa hao, ukiingia kwao hutoki!"

Balozi wa nyumba kumi akapaza sauti, "Ndugu wananchi, tawanyikeni!" huku kichwa chake kimeshaingia ndani ya gari.

Mkasi ukaletwa. Baba mdogo akafika anahema. "Mkasi usiguse kanzu yangu! Kata kidole cha hicho kinyago, mbona wako wengi?"

Mzee Saidi alikuwa ananitazama mimi, si usukani. Nilijua nikivuta kwa nguvu nitatoka, na nilijua kitakachokatika. Ndipo nyuma, chini ya shuka, bibi harusi asiyeruhusiwa hata kukohoa, akasema:

"Vua."

Somo yake akashika mdomo.

"Vua kanzu, twende. Watu wanatungoja."

Hilo ndilo neno la kwanza la mke wangu katika ndoa, mbele ya baba yake mzazi! Nikavua. Kanzu ikabaki inaning'inia kwenye usukani, na mie nikashuka kupiga hendeli ili injini iwake, nimewapa Temeke mgongo na vyote vilivyokuwa chini yake. Kicheko kile kilisikika hadi Keko.

Kwa mama, vigelegele vilikatika ghafla nilipoteremka, kisha vikarudi maradufu. Sikuingia ndani. Nilirudi garini nikaliingiza kibandani, Mzee akanifuata, akainama akaanza kuinasua kanzu uzi baada ya uzi, hadi ikatoka, na hakuna kidole kilichopungua.

"Hukuvuta," akasema.

"Sikuvuta, baba."

Akawapapasa wale watu mmoja mmoja. Kisha akavua koti lake, akanivisha mabegani, akaniambia, "Ingia kwa mkeo, mwanangu."

Nimeshavaa makoti mengi tangu siku ile. Lakini naapa mbele yenu, sivai tena nguo njema nje kabla sijahakikisha ya ndani nayo inaweza kutazamwa na foleni ya sukari.