Milioni Moja na Tatu ya Hamisi

Ndugu zangu wa kambi ya mabomba, moyo wangu bado unakataa. Nabandika karatasi hii mlangoni pa stoo kwa sababu kila mmoja hupita hapa kuchukua sururu. Hamisi hatapita tena. Jumatatu nilibeba naye bomba, Alhamisi homa ikamchukua.

Mimi mtu wa Songea, yeye wa Chiungutwa. Watani. Siku ya kwanza aliniambia, "Mngoni, huku kwetu hakuna ng'ombe wa kuiba. Shika sururu."

Mnakumbuka ubishi wake na karani? Karani alisema namba ikiwa kubwa sana, haikosi ndogo ya kuigawa pasibaki kitu. Hamisi akajibu, "Milioni moja na tatu haigawiki!" Aliitaja tu, kwa hasira.

Karani akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo elimu yako ya darasa la nne hiyo!"

Hamisi alinunua daftari.

Kila Jumapili aligawanya. Kwa mbili, inabaki moja. Kwa saba, zinabaki nne. "Mbili ikishindwa," alisema, "nne na sita zisijisumbue."

Nikamwuliza, "Utagawanya mpaka nusu milioni, mtani? Utazeeka." Mchana kutwa tulibeba mabomba. Mara akatua upande wake, nusura anivunje mguu.

"Kila kigawanyo kina mwenzake, kama mimi na wewe na bomba hili! Hawawezi wote wawili kuzidi elfu, lazima mmoja awe mdogo. Elfu mara elfu tayari ni milioni. Nikifika elfu, nimemaliza!"

Akaendelea misimu mitatu. Mia tisa tisini na moja, zikabaki themanini na nne. Zilizofuata hadi elfu, wadogo zao walikwisha kushindwa, isipokuwa moja tu ya kujaribu, mia tisa tisini na saba. Homa ikawahi.

Jana kwao, jeneza lilipoinuliwa, nilikaa chini mbele yake. Mtani ana haki ya kuzuia jeneza. Nikasema, "Hatoki mtu mwenye kiporo cha kazi."

Wajomba walidhani nataka kuku wa utani ndipo nipishe. Mama Hamisi akawatuliza. "Mwacheni Mngoni. Unataka nini, mwanangu?"

"Namba moja tu, mama."

Nikagawanya kwa mpini wa jembe, kwenye mchanga mwekundu wa uani kwake. Nilikosea, nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya. Karani alisimama nyuma yangu akihesabu kwa midomo.

Zikabaki kumi na mbili.

Karani akavua kofia. "Haigawiki," akasema, na wote wakasikia. Ndipo nikainuka, nikashika jeneza upande wa mbele.

Daftari ninalo mimi. Anayebisha aje na penseli, mdomo auache nyumbani.

Nimechoka, na kwetu ni mbali. Lakini Jumatatu nitabeba bomba na mwingine, mpaka maji yapande Newala.

Lala, mtani wangu. Hakuna namba inayokusubiri tena.