Diwani wa Dirishani

Zamani mjane alijua mlango asioruhusiwa kuuvuka, na kijiji kizima kilijua pamoja naye. Siku hizi watu wanavuka kila mlango na hakuna anayeuliza mwenye nyumba ni nani.

Kezia Adero alizaliwa Kisegi, kwa wavuvi, akaolewa Macalder na Walter Otondi, mchimbaji katika mgodi wa wazungu. Tulimwita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, kwa maana kwetu mke huitwa kwa jina la kwao. Kabla ya Uhuru aliwakusanya wake wa wachimbaji kando ya mto Kuja, akawafundisha nyimbo za chama. Hakuwa na kibali cha mkutano, akalala korokoroni. Alipotoka aliwakuta wanaume waliokuwa wamejificha wakati ule wakigawana vyeo vya tawi.

Miaka michache baadaye alijiandikisha kugombea udiwani, mwanamke wa kwanza katika upande wetu. Mpinzani wake alikuwa shemeji yake, Barnabas, mdogo wake Walter. Kabla ya siku ya kura, Walter aliangukiwa na mwamba mgodini, akafa.

Wasiotujua waelezwe. Mjane wa Kijaluo hukaa na chola, giza la msiba, mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Kabla ya hapo haingii boma wala nyumba ya mtu. Akiingia, balaa linawashukia wenyeji. Ndugu mwenye haki ya kumrithi alikuwa Barnabas, na Barnabas hangekubali mjane aliyemrithi ashindane naye.

"Shemeji, chagua," alimwambia mbele ya wazee. "Nikutoe chola, au ukae nayo nyumbani."

"Nitakaa nayo," Kezia alijibu. "Hiyo haijaniomba niipishe kwenye kura."

Alifanya kampeni bila kuingia boma hata moja. Alisimama barabarani, nje ya nyua, kwenye lango la mgodi, na zaidi mtoni, ambako mgombea mwanamume hathubutu kukanyaga kwa kuwa wanawake huoga huko. Wanawake walimfuata alipo. Akashinda.

Siku ya kiapo Barnabas alisimama katikati ya mlango wa ukumbi wa halmashauri. Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli mkabala na ukumbi huo, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

"Huingii. Nyumba ni nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi serikali atoke, yeye na mkewe, wanifukuze wenyewe!"

Soko zima likacheka. Ndani hawakucheka. Madiwani wengi waliiogopa chola kwa dhati, na mwenyekiti wao, Stanley, alisema kwamba asiyeapa siku hiyo amepoteza kiti. Kezia alikuja kwangu akaniomba kigoda nilichokuwa nikikalia. Akakiweka nje, chini ya dirisha la ubavuni, akaketi.

"Chola inazuia miguu," alisema. "Haijazuia mdomo. Leteni Biblia."

Karani akaileta dirishani. Kezia aliapa mkono wake ukiwa ndani na mwili wake ukiwa nje.

Tangu hapo kila kikao alikaa pale. Kwa kuwa alikuwa nje, ilibidi madiwani wapaze sauti, na walipopaza sauti, wachuuzi walisogea na vikapu vyao wakasimama nyuma yake. Hivyo ndivyo watu walivyosikia viwanja vya soko vikigawiwa mashemeji wa Stanley.

"Rudia hapo, mwenyekiti. Huku nje hatukusikia."

"Hatukusikia!" wachuuzi wakaitikia.

Haukupita muda Stanley akatoka mwenyewe, kofia mkononi. "Mama, ingia tu ndani. Hayo ni mambo ya zamani."

"La, mwenyekiti. Nisije nikawaletea balaa."

Hata Barnabas alitangaza sokoni kwamba yeye haoni tatizo. Mila iliyokuwa chuma siku ya kiapo ilikuwa imegeuka utando wa buibui. Watu husema wazungu ndio walioua desturi zetu. Mimi nilikuwa pale, na sikumwona mzungu.

Mwishowe halmashauri iliamua kwamba dirisha lile linaingiza vumbi. Likazibwa kwa matofali. Kezia alikuja na kigoda, akakaa akiutazama ukuta mpaka kikao kikaisha. Nikamwuliza kwa nini asiingie, maana sasa hakuna wa kumzuia.

"Nikiingia leo, nimekubali kwamba mila ni kufuli la Barnabas, alifunge na kulifungua atakavyo."

Kiti chake kikatangazwa wazi kwa utoro. Barnabas akakichukua. Kezia alirudi kwenye shamba lake la njugu na biashara ya omena, dagaa wa ziwani, na hakurithiwa na mtu. Wala hakuingia nyumba ya mtu. Mke wangu alipofariki, alisimama nje ya ua akalia kwa sauti, nasi tukamsikia kutoka ndani.

Mwaka jana alialikwa katika ukumbi mpya pale Migori apewe kikombe cha diwani wa kwanza mwanamke. Nilimsindikiza. Alikuja na kigoda changu kile kile. Kijana aliyetupokea alikuwa Frankline, mwakilishi wadi, ndiye diwani wa siku hizi.

"Karibu, dani! Ingia, kiti chako kiko mbele kabisa."

"Nina chola, mjukuu wangu."

Frankline akamgeukia binti aliyeshika orodha ya wageni. "Liz, chola ni nini? Ni ugonjwa?"

"Nafikiri ni kama stresi."

"Pole sana, dani. Lakini hiyo mambo ya kitambo iliisha."

"Iliisha? Nani aliimaliza?"

Akacheka, akatazama simu yake, akasema ratiba imechelewa, akaingia. Kezia alizunguka ubavuni kwa fimbo yake. Kulikuwa na dirisha kubwa la kioo kitupu, lisilo na komeo wala bawaba, kwa kuwa ndani kulikuwa na mashine ya kupoza hewa. Nikamwekea kigoda, akaketi. Tuliona midomo ikienda. Hatukusikia neno.

Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Ndani, bwana mmoja mwenye tai alimwona, akatabasamu, akampungia mkono, kisha akageuka kusikiliza hotuba. Akagonga tena. Bwana yule hakugeuka.

Kezia akasimama. Nilipoinama kukichukua kigoda nimbebee mpaka nyumbani, aliweka mkono juu yake.

"Kirudishe kwako, fundi. Nimekitumia vya kutosha."

Akaelekea kituoni peke yake, nami nikabaki na kigoda nje ya ukumbi. Sikumwona tena.