Majaribio Aliyoyafuta Mkuu Wetu

Hasira ile haijanitoka, na sioni kwa nini initoke.

Naandika programu za kompyuta hapa Kamembe. Wenzangu wako mbali: mmoja Bukavu, mmoja Kinshasa, mkuu wetu Kigali. Tulikuwa tumetengenezea kliniki moja ya hapa programu ya kuwakumbusha wagonjwa, kwa ujumbe wa simu, saa ya kumwona daktari. Kila kipande nilichoandika nilikiwekea jaribio lake, mistari michache ya kukikagua kila mtu anapokigusa. Mkuu akayafuta majaribio yote.

“Yanatuchelewesha,” alisema kwenye simu. “Kila mmoja yuko mji wake. Tukianza kungojana hatutamaliza.”

“Shefu, ndiyo maana tunayahitaji! Nitajuaje mwenzangu amegusa nini?”

Akacheka.

Haukupita muda, yule wa Kinshasa akabadilisha kipande cha saa. Kwao wako nyuma yetu kwa saa moja. Kipande chake kikazichukua saa za kliniki kama za Kinshasa, kikaziongezea saa moja kwenye ujumbe; alipojaribu kwenye kompyuta yake ya huko, aliona kila kitu sawa.

Asubuhi ya daktari wa macho, anayekuja mara moja kwa mwezi, nilikuwa pale kliniki. Daktari alingoja, hakuona mtu, akaondoka kwenda kliniki ya Giheke. Ndipo akaingia maman mmoja kutoka kisiwa cha Nkombo, mtoto mgongoni, kitenge kimelowa maji ya mtumbwi.

“Umechelewa, Maman,” mpokezi alimwambia.

“Miye sikuchelewa!” Alimnyooshea simu. “Angalia, muliniandikia saa tatu. Saa tatu haiyafika. Huyu mutoto haone muzuri, munataka nirudi lini?”

Nyuma yake wakaja wengine, wote kwa wakati walioandikiwa, wote wamechelewa.

Nilitoka uani nikampigia mkuu. Nilimweleza yote.

“Rekebisha kimyakimya,” alisema.

“Maman aliyemkosa daktari yuko hapa. Nampa simu umwambie.”

“Rezo ni mbaya,” akasema, akakata. Mtandao wa simu ulikuwa mzuri kabisa.

Nilirudisha majaribio yangu palepale. Lile la saa likaonyesha kosa mara moja, kama ambavyo lingelionyesha tangu mwanzo. Nikawaandikia wote kwamba yakifutwa tena, naacha kazi.

Mtoto alionwa mwezi uliofuata. Majaribio yapo mpaka leo. Juzi, kwenye mkutano wa mtandaoni, nilimsikia mkuu akimweleza mteja mpya kwamba kwetu hakuna kazi inayotoka bila majaribio, kwamba yeye hana mchezo na jambo hilo. Nilizima kipaza sauti changu, nikatukana kwa Kimashi, lugha ya nyumbani kwetu.