Kura ya Konokono wa Maren

Dwight Kessler alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba mtaani kwetu, hapa Ohio, na nyasi zako zikipita inchi nne alikuja na rula. Si utani. Nilimwona kwa macho yangu amepiga magoti mbele ya nyumba yangu, ananipimia majani huku akiniuliza hali ya mke wangu. Wa kwake alipomkimbia, tulimpelekea chakula wiki nzima, naye akarudisha kila bakuli limeoshwa na kubandikwa jina la mwenyewe.

Alibaki na binti yake Maren, wa miaka saba. Maren alikuwa na siri: konokono mkubwa kama gari, jina lake Horace, aliyekaa gerejini nyuma ya mashine ya kukatia nyasi. Hakuna mwingine aliyemwona. Maren alimsimulia mambo ya shule, na jioni alimtembeza kwa kamba tupu ya mbwa, akichungulia kila kona asije akakutana na baba yake.

Akakutana na jirani yetu Bi Darlene Pruitt, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"We mtoto, mbwa wako yuko wapi?"

"Si mbwa. Ni konokono. Tafadhali usimwambie baba."

Darlene akakiandikia chama barua siku hiyo hiyo: mnyama hajasajiliwa, tena amezidi uzito unaoruhusiwa. Mwenyekiti mwingine angecheka, barua ikaishia pipani. Dwight aliiweka kwenye ajenda, maana kanuni inasema kila lalamiko la maandishi lisikilizwe, na yeye hapendelei mtu, hata mwanawe.

Tukakaa kikao, watu wazima tisa, na kahawa na donati. Nilingoja mmoja aseme konokono huyo hayupo. Hakuna aliyesema, hata mimi. Tukajadili ute wake njiani. Kura zikawa nne kwa nne. Mkono wangu ulikuwa upande wa kumfukuza, kwa hasira ya ile rula tu, na naona aibu mpaka leo. Ya tisa ilikuwa ya mwenyekiti. Akainua mkono: aondoke.

Jumamosi Maren akamkabidhi baba yake kamba.

"Mtoe wewe. Mimi sikupiga kura."

Kutoka kwao hadi geti la mtaa ni dakika tano. Dwight akaanza kwa mwendo wake.

"Baba, unamburuta! Utamvunja gamba!"

"Haya mama, haya. Polepole."

Walitumia saa mbili na nusu. Mtaa mzima ulitoka barazani, Darlene na kiti chake mbele. Hatukucheka kwa sauti. Watu wa hapa tuna adabu.

Getini Dwight akafungua kamba hewani, akanong'ona kitu kama pole. Maren akapunga mkono mpaka konokono akaishilia barabarani, na konokono haishilii upesi. Kisha akamgeukia baba yake. Hakuwa analia.

"Ingekuwa mimi ndiye nimeandikiwa barua, ungenipigia kura gani?"

Jibu lilikuwa la neno moja, na sote tulilingoja. Dwight akatazama juu. Nimemjua mtu huyu miaka kumi na moja. Alikuwa anatafuta kanuni.